Vifaru vya kabatini: Watu wazima wanaowinda magari ya vita ya utotoni

Ukitaja kifaru mbele ya mzee wa Kyaka mkoani Kagera, atakunyooshea kidole upande wa mto na kuanza kukuhesabia miezi ya mwaka 1978. Ukikitaja mbele ya mama wa Bunia, huenda akatazama kwanza walipo wanawe ndipo akujibu. Katika ukanda wetu neno hilo halina mzaha.

Lakini wako watu, wengi wao wanaume waliovuka miaka 60, ambao neno hilo huwafanya watabasamu. Kifaru chao hutosha kiganjani. Kimekaa kabatini nyuma ya kioo, kimepakwa rangi ya kijani ya jeshi, na mikanda yake ni ya mpira. Wamekitafuta miaka mingi minadani, kwenye masoko ya vitu vikuukuu na kwenye dari za nyumba za marehemu wazazi wao. Wanakijua kwa namba yake, kwa mwaka wake, na kwa tofauti ndogo ya rangi ambayo mimi na wewe tusingeiona.

Hawa ni wakusanyaji wa magari madogo ya kijeshi yaliyotengenezwa kwa madini ya kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Huko Uingereza na Ufaransa mchezo huo una nyumba zake za mnada, vitabu vyake vya orodha na wataalamu wake. Kwa mtazamo wa haraka, hayo ni mambo ya wazungu wenye nafasi. Ukiyafuatilia, utakuta yanatugusa kwa njia mbili. Mengi ya magari yaliyoigwa na vigari hivyo yalifika kwetu yakiwa makubwa na yamebeba risasi za kweli. Na jinsi wenzetu walivyovitunza vigari hivyo inatuuliza swali moja gumu: vya kwetu viko wapi?

Kilichoanzia Liverpool

Historia ya vigari hivi haiwezi kuelezwa bila kumtaja Frank Hornby, Mwingereza wa Liverpool ambaye mwaka 1901 alisajili haki ya uvumbuzi wa vipande vya chuma vyenye matundu, ambavyo mtoto angeweza kuviunga kwa skrubu na kutengeneza daraja au winchi. Vipande hivyo baadaye vilijulikana duniani kote kwa jina la Meccano. Kampuni yake ilijenga kiwanda katika barabara ya Binns Road, na kiwandani humo, mwishoni mwa mwaka 1933, yakatoka magari sita madogo ya kuwekwa kando ya reli za treni za kuchezea. Mwaka uliofuata yakapewa jina la Dinky Toys.

Katika magari hayo sita ya kwanza kulikuwa na gari la michezo, gari la mizigo, trekta, na pia kifaru. Kwa maneno mengine, vita viliingia kwenye sanduku la mtoto tangu siku ya kwanza.

Mwaka 1937, Ulaya ikiwa inanusa harufu ya vita, Dinky ilitoa seti kamili za jeshi: kifaru cha uzito wa kati na kifaru chepesi, kila kimoja na magari yake ya kufuatana nayo. Mikanda ya vifaru hivyo ilikuwa minyororo midogo ya chuma. Mwaka 1939 zikafuata seti za mizinga, mojawapo ikiwa ya kutungulia ndege. Mvulana wa miaka minane aliyepewa seti hiyo kama zawadi hakujua kuwa muda si mrefu angeiona mizinga ya aina hiyo barabarani kwao. Vita vilipopamba moto, utengenezaji wa vitu vya kuchezea ulisimama na viwanda vya aina hiyo vikageuzwa kufanya kazi za vita.

Baada ya amani ndipo ilipokuja neema. Kuanzia mwaka 1953 na 1954 Dinky ilitoa msururu mrefu wa magari ya jeshi: lori la tani tatu lenye namba 621, lori la tani kumi namba 622, gari la deraya namba 670, na kifaru cha Centurion namba 651 ambacho kiliendelea kutengenezwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1956 likatoka lori refu la kubebea kifaru hicho, ili mtoto aliyekuwa na kimoja aone hawezi kuishi bila cha pili. Mwaka 1959 ikafika zamu ya kombora la Corporal, lenye gari la kulisimamisha na springi ya kulirusha. Kombora halisi la jina hilo lilikuwa la Marekani na liliundwa kubeba silaha ya nyuklia. Kwenye zulia la sebuleni lilikuwa likianguka chini ya kochi.

Kwa wakusanyaji wengi wa leo, hapo ndipo penye moyo wao. Walizaliwa katika miaka ya 1940 na 1950. Baba zao walirudi kutoka vitani na wengi wao hawakupenda kusimulia. Mtoto aliyekosa simulizi alipewa lori la kijani lenye namba 621, na akajisimulia mwenyewe.

Malkia, kiberiti na kifaru mwenye pembe

Liverpool haikuwa peke yake. Mwaka 1947 Waingereza wawili, Leslie Smith na Rodney Smith, walianzisha kampuni London wakaiita Lesney, kwa kuunganisha majina yao. Fundi wao, Jack Odell, ndiye anayetajwa kuwa chanzo cha jina lililowatajirisha. Binti yake aliruhusiwa kwenda shule na kitu cha kuchezea pale tu kinapoenea ndani ya boksi la kiberiti. Odell akatengeneza kigari cha kuenea humo, na mwaka 1953 jina la Matchbox likazaliwa.

Mwaka huohuo Elizabeth II alitawazwa, na mfano mdogo wa gari lake la farasi uliotolewa na Lesney uliuzwa zaidi ya nakala milioni moja. Fedha hizo ndizo zilizolijenga jeshi dogo lililofuata. Kufikia mwaka 1959 Matchbox ilikuwa na gari la upelelezi la Ferret, gari la deraya la Saladin, gari la kubebea wagonjwa la jeshi, na malori kadhaa ya kijani. Yote yalikuwa madogo kuliko ya Dinky na bei yake ilikuwa nafuu, hivyo hata mtoto wa kibarua aliweza kuwa na kikosi chake.

Sherehe hiyohiyo ya kutawazwa ilizaa jambo lingine huku kwetu. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopewa jina la Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari la Volkswagen, lile la mgongo wa kobe, lilishinda mwaka ule wa kwanza, likashinda tena mwaka 1954, 1957 na 1962. Sifa zake zikafika Swansea, nchini Wales, ambako kampuni ya Mettoy ilikuwa ikitengeneza magari madogo ya Corgi tangu mwaka 1956. Katikati ya miaka ya 1960 Corgi ikatoa Volkswagen ya Safari ya Afrika Mashariki, namba 256, na ndani ya boksi lake ikaweka kifaru. Kifaru huyu alikuwa mnyama, mwenye pembe na hasira zake, wala si yule wa chuma. Leo mkusanyaji anayeuziwa gari hilo bila mnyama wake hulipa kidogo, kwa sababu seti haijakamilika.

Kwa hiyo Afrika Mashariki imo kwenye makabati hayo tangu zamani. Ilichokosa ni kuulizwa tu.

Viwanda vilipofungwa

Watoto wakakua, na watoto wao wakataka vitu vingine. Plastiki ilikuwa rahisi zaidi, televisheni ikaleta mashujaa wapya, na gharama za viwanda vya Uingereza zikapanda. Meccano ilinunuliwa na kampuni kubwa zaidi mwaka 1964. Kampuni hiyo nayo ilipoanguka mwaka 1971, ikachukuliwa na Airfix. Tarehe 30 Novemba 1979 milango ya Binns Road ilifungwa moja kwa moja. Lesney ilifilisika mwaka 1982, na Mettoy ikafuata mwaka 1983. Katika miaka minne tu, majina matatu makubwa ya vigari vya Uingereza yakawa mali ya kupigwa mnada.

Msomaji wa gazeti hili atakumbuka kuwa tarehe 30 Novemba, miaka 20 kamili baada ya kiwanda kile kufungwa, marais wa Kenya, Tanzania na Uganda walitia saini mjini Arusha mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tarehe zimekutana tu. Lakini zinatukumbusha kwamba kitu kinaweza kufa na jina lake likabaki na thamani hadi watu wakalirudia. Majina ya Dinky, Corgi na Matchbox yote yalinunuliwa, yakauzwa tena, na yamewahi kurudi madukani zaidi ya mara moja.

Kufungwa kwa viwanda kulifanya jambo ambalo wenye viwanda hawakulipanga. Magari yaliyokuwa ya kutupa yakawa hayatengenezwi tena, na mtu aliyekuwa na lori lake la mwaka 1954 akaanza kulitazama kwa jicho lingine.

Boksi lina thamani kuliko unavyodhani

Mgeni kwenye mchezo huu hushangazwa na mambo mawili. La kwanza ni boksi. Kigari na boksi lake la awali, la karatasi ngumu lenye picha na namba, kinaweza kuuzwa kwa bei ya maradufu au zaidi ya kile kisicho na boksi. Sababu yake ni rahisi. Mtoto wa mwaka 1955 alilichana boksi akalitupa siku ileile. Aliyelitunza alikuwa mtoto mwenye nidhamu ya ajabu, au mtoto ambaye hakucheza.

La pili ni rangi. Kigari kilichokwaruzwa, ukikipaka rangi mpya ili kipendeze, umekishusha thamani. Mkusanyaji anataka rangi iliyotoka kiwandani, hata kama imebanduka pembeni. Hutazama matairi kama ni yenyewe, misumari ya chini kama imewahi kufunguliwa, na sura ya dereva mdogo kama amebadilishwa. Wauzaji wa vipuri vya kuiga wapo, wakitoa matairi, mikanda ya vifaru, makombora na hata maboksi mapya. Mnunuzi makini hujua kuvitofautisha, na muuzaji mwaminifu husema mapema.

Kuhusu bei, hadithi kubwa hazitoki jeshini. Mwaka 2008 kigari kidogo cha Dinky cha kusambazia bidhaa, kilichoandikwa jina la duka la London la W. E. Boyce na kutengenezwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kiliuzwa mnadani kwa karibu pauni 20,000. Magari ya jeshi ya miaka ya 1950 yalitengenezwa kwa wingi mno kufika huko. Centurion iliyochezewa sana hupatikana hata leo kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Ndiyo maana wengi huanza nayo: yule asiyeweza kuurudisha utoto wote anaweza kununua kipande chake.

Na hicho ndicho wanachonunua. Mara nyingi mkusanyaji wa aina hii hajali vita kwa undani. Anatafuta lori lile hasa, la namba ile hasa, ambalo mama aligawa kwa majirani alipokwenda shule ya bweni, au ambalo mdogo wake alilizika bustanini na hawakulipata tena. Akishalipata, mara nyingi hushindwa kusimama. Baada ya lori huja mzinga wa kuvutwa na lori, kisha sanduku la risasi la katikati yao, kisha gari la maji.

Kuliwa kutoka ndani

Mkusanyaji ana adui ambaye hawezi kumfungia mlango. Vigari hivi vimetengenezwa kwa mchanganyiko unaoitwa zamaki: zinki kwa sehemu kubwa, pamoja na alumini, magnesi na shaba kidogo. Unayeyuka kwa joto la nyuzi 400 hivi, hujaza kalibu hadi pembe ndogo kabisa, na hutoka ukiwa laini tayari kupakwa rangi. Kwa kiwanda cha vitu vya kuchezea ulikuwa baraka.

Lakini zamaki inataka usafi. Ikiingiliwa na kiasi kidogo tu cha madini ya risasi, ugonjwa huanza. Chembe za madini huanza kuachana taratibu, unyevu wa hewa ukisaidia. Kigari huvimba, hupinda, huota nyufa kama za udongo wa kiangazi, na mwisho humeguka mkononi kama biskuti. Wenyewe huuita ugonjwa wa zinki, na hauna dawa. Vilivyotengenezwa kabla ya vita ndivyo vilivyoathirika zaidi, kwa sababu usafi wa kiwandani haukuzingatiwa sana wakati ule. Ndiyo maana kifaru kizima cha mwaka 1937 ni adimu.

Kiswahili kina jicho lake hapa. Risasi ni jina la madini, na risasi ni kile kitokacho kwenye mtutu wa bunduki. Kifaru kilichonusurika mikononi mwa watoto, na mabomu ya kweli yaliyoipiga Liverpool, kinauawa na risasi iliyomo ndani yake tangu siku kilipozaliwa. Mwenye nacho hawezi kufanya zaidi ya kukiweka pakavu, mbali na jua na joto linalopanda na kushuka, na kukitazama.

Vyuma hivyohivyo, barabara zetu

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1957 Dinky ilitoa seti namba 697: mzinga wa ratili 25, kisanduku chake cha risasi, na gari la kuuvuta. Ni mojawapo ya seti zinazopendwa zaidi na wakusanyaji. Mzinga halisi wa aina hiyo ulikuwa uti wa mgongo wa mizinga ya Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, na vikosi vya mizinga vya Afrika Mashariki vilipelekwa Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw kwenye mvua na matope ya mwaka 1944. Walikuwamo vijana kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, wale ambao bibi zetu waliwaita askari wa Keya.

Kwa hiyo mtoto wa Liverpool aliyeusukuma mzinga ule kwenye zulia alikuwa akiigiza kazi iliyofanywa pia na babu wa mtu huko Machakos, Songea au Gulu. Juu ya boksi la seti hiyo hakuna dalili ya babu huyo. Na huku kwetu, wajukuu wengi hawajui mzinga aliouvuta ulifananaje.

Ferret, ile ya kiberiti cha mwaka 1959, ilikuja kuwa mojawapo ya magari ya deraya ya jeshi la Kenya baada ya uhuru. Saladin ilitumika Sudan na Oman. Kifaru cha Sherman, ambacho kampuni ya Kifaransa ya Solido ilikitengeneza kwa ustadi mkubwa katika miaka ya 1970, kilifika Uganda kutoka Israel kabla Idi Amin hajakosana na nchi hiyo mwaka 1972, na kilikuwamo katika jeshi la Amin hadi vita vya Kagera. Wakati watoto wa Ulaya wakipanga Sherman zao kwenye rafu, watoto wa Kagera na Masaka walikuwa wakijifunza kutofautisha milio.

Uzito huu ndio unaoleta swali la pili, ambalo hata Ulaya limeulizwa: ni sawa kumpa mtoto kitu cha vita achezee? Mwaka 1979 nchini Sweden, mamlaka na wafanyabiashara wa vitu vya kuchezea walikubaliana kuacha kuuza vile vya vita. Wapo waliowapinga, wakisema mtoto asiyepewa bunduki ataokota kijiti na kukifanya bunduki, na kwamba mchezo ndiyo njia yake ya kuyamudu mambo yanayomtisha.

Katika ukanda wetu mjadala huo una meno zaidi. Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague, mwaka 2012, ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15 huko Ituri, mashariki mwa Kongo. Watoto wale walipewa bunduki za kweli, na hakuna aliyewaambia warudi nyumbani kabla ya giza. Anayetoka huko ana haki ya kutoona uzuri wowote katika kifaru cha kabatini.

Hata hivyo, pengine ni hapa ambapo kigari kidogo kinaonyesha thamani yake. Mtu mzima anayekikusanya hafundishwi nacho kupigana. Anakishika kama ushahidi: watu wazima wa mwaka 1959 waliona ni jambo la kawaida kumpa mtoto kombora la nyuklia la springi kama zawadi ya Krismasi. Ushahidi wa aina hiyo, ukitupwa, kizazi kijacho hakitauamini.

Na la kwetu la waya?

Sisi tuliozaliwa upande huu miaka ya 1980 tulikuwa na viwanda vyetu. Waya wa uzio ulitoa mwili wa gari na ule usukani mrefu uliofika kifuani. Kandambili iliyokatika ilitoa matairi manne. Kopo la Kimbo au la Blue Band lilitoa tangi la lori la mafuta, na vifuniko vya soda vilitoa taa. Aliyekuwa na kaka fundi alikuwa na gari lenye springi na tela. Malawi wana jina zuri la magari hayo, galimoto, lililotokana na neno la gari lenyewe. Ukivuka mipaka yote ya ukanda huu, kuanzia Lilongwe hadi Gulu, utamkuta mtoto anayesukuma la kwake, na utatambua mara moja limetengenezwaje.

Nayo yaliiga yaliyopita barabarani. Palipopita malori ya safari ndefu, yalitengenezwa malori. Paliposimama basi, lilitengenezwa basi pamoja na keria yake. Gari la waya ni kumbukumbu ya kile kijiji kilichokiona mwaka ule.

Tofauti ni kwamba halikuwa na namba wala boksi wala tarehe, na hakuna kitabu kilichoorodhesha aina zake. Lilipopinda, waya ulirudi kwenye uzio na matairi yakawashia moto. Ni uchumi wenye busara, lakini una gharama yake. Lori la Dinky la mwaka 1954 lina mtu anayejua lilitengenezwa wapi, mwaka gani, kwa rangi ipi, na lilifutwa lini kwenye orodha. Gari la waya la mwaka 1954 la Bukoba, Kisii au Bujumbura halina hata picha. Zinki inayoliwa na ugonjwa imetutangulia kwa kumbukumbu, kwa sababu tu kuna mtu aliamua kwamba kitu cha mtoto kinastahili kuandikwa.

Si kwamba hatujui kukienzi kitu kilichotengenezwa kwa mikono. Goma waliijengea sanamu chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao isiyo na pedali inayobeba magunia ya viazi na makaa. Mji uliopitiwa na vita na volkeno uliona chombo cha fundi wa mtaani kinafaa kusimama katikati ya barabara. Haihitaji mnada wa London kuona maana hiyo.

Kinachohitajika ni kidogo, na kinaanzia nyumbani. Kama kijijini kwenu kuna mtoto anayetengeneza magari ya waya, liombe moja kabla halijarudi kuwa uzio. Mpe chochote, naye atatengeneza jingine kesho. Funga kikaratasi chenye jina lake, kijiji, tarehe, na gari aliloliiga. Kama ni la bati, lifute mafuta kidogo lisishike kutu, kisha liweke pakavu. Kama una mzee aliyewahi kutengeneza la kwake miaka ya 1950 au 1960, mpe waya na koleo umwombe alitengeneze tena, huku ukiandika anavyoeleza. Mikono husahau polepole kuliko ulimi.

Shule zinaweza kufanya hivyo kwa darasa zima. Majumba ya makumbusho ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, ambayo yana mikuki, ngoma na vyungu, yanaweza kutenga rafu moja ya vitu vya watoto kutoka kila nchi ya jumuiya. Gharama yake haifikii ya semina moja, na mgeni yeyote kutoka Juba hadi Mtwara angesimama hapo na kusema: hata sisi tulikuwa nalo.

Nao walio na vifaru vya kijani huko Liverpool wana jambo la kujifunza kutoka kwetu pia. Kwenye vitabu vyao vya orodha, kando ya namba 697, ipo nafasi ya mstari mmoja zaidi: kwamba mzinga huu ulivutwa pia na vijana wa Keya, kwenye matope ya Burma, mbali sana na kwao. Wenye majina ya vijana hao ni sisi, na wajukuu wao bado wapo. Tukiyaandika leo, mstari huo utajazwa.